Akipauka Mlaze, Akiiva Mketishe

Wanangu, mnaponijia hapa Likoni na pasi mpya mkononi, swali lenu huwa ni moja: "Bi Mwanaisha, kazi ya kumtunza mgonjwa Saudia ni ngumu?" Mnataka niseme la. Nikisita kidogo mnaanza kutazamana, mnadhani kizee hiki kina choyo na riziki za watu. Sina choyo. Ni kwamba kila mkiniuliza, kuna uso mmoja hunijia, na sipendi kuutazama mbele ya wageni. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Someni kwanza, halafu njooni tunywe chai.

Mimi nilikwenda Riyadh miaka ile watu walipokuwa wakimiminika, mawakala wamejaa Mombasa kama nzi wa maembe. Wakala wangu aliniambia nyumba ni ya watu wazima, kazi ni kufua na kupika. Hakusema uongo. Alisahau tu kunitajia Rima.

Rima alikuwa binti mkubwa wa nyumba ile, msichana wa chuo kikuu, mrembo, mwenye kucheka kwa sauti. Gari la kaka yake lilipinduka barabarani naye akiwa kiti cha nyuma bila mkanda, mgongo ukavunjika juu, usawa wa makwapa. Mikono ilibaki mizima. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuhisi kitu wala hakuweza kusogeza kitu. Nilipofika alikuwa ametoka hospitali hivi karibuni, na mhudumu wa kwanza alikuwa ameshatoroka. Madam, mama yake, akanishika mkono, akanipeleka hadi kitandani, akasema, "Aisha, huyu ndiye kazi yako." Jina langu lote lilimshinda, basi nikawa Aisha mpaka mwisho.

Mimi nilidhani, kama mnavyodhani nyinyi, kwamba ukivunjika mgongo hufa miguu peke yake. Aliyenifumbua macho ni Sista Awadhia, muuguzi wa Kisudani aliyekuwa akija nyumbani kumwangalia. Mama mnene, amejitanda thobu lake, kitambaa kirefu cha kwao, ulimi mkali kama pilipili mbuzi. Yeye alikaa mtaa wa Shumaisi, kwenye vyumba vya kupanga, na kila akiingia alikuwa tayari amekasirishwa na mtu njiani. Siku ya kwanza aliniuliza ndani ya mgongo kuna nini. Nikamjibu mifupa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ndani ya mifupa mna uti," akaniambia. "Ndio unaopeleka amri za ubongo na kurudisha habari. Ukikatika, habari hazifiki."

Fikirieni waya wa stima unaotoka kwenye mita. Ukikatika si taa ya sebuleni tu itakayozima, friji nayo huzima, na pampu ya maji nayo. Ndivyo ulivyo mwili. Kibofu kinajaa lakini hakina wa kumwambia. Matumbo yanakaa kama punda aliyegoma. Ngozi inaungua, mwenyewe anaendelea kusoma gazeti. Mishipa ya damu ya miguuni inalegea, damu inatuama chini, ukimketisha ghafla kichwa kinakosa damu anazimia. Hata jasho, wanangu! Rima alitoka jasho usoni na mabegani tu. Kiangazi kimoja nilimtoa uani apunge hewa, na baada ya muda mfupi mwili wake ulikuwa moto kama mgonjwa wa malaria. Hakuwa na malaria. Mwili wake ulishindwa kujipoza, basi. Tangu siku ile sikumtoa nje bila kitambaa kibichi shingoni na chupa ya maji ya kumnyunyizia.

Sista Awadhia alinifundisha kwa makofi. Nilitia maji ya kumwogeshea, nikayapima kwa vidole vyangu hivi vilivyozoea sufuria, nikaona ni sawa. Akanipiga kofi la mkononi. "Kiwiko! Vidole vya mpishi havina akili." Nikajifunza kupima kwa kiwiko. Halafu shuka. Kila nikimgeuza ilikuwa lazima nipitishe kiganja chini ya mgongo, kiunoni, chini ya visigino, nikitafuta mkunjo. Mkunjo mdogo tu wa shuka, ambao wewe ungelala juu yake bila kujua, kwake ni kidonda. Mimi na wewe tukilala vibaya mwili hutuamsha tukageuka. Rima hakuwa na wa kumwamsha. "Wewe ndiye ngozi yake," Sista aliniambia. Niliona ni maneno tu ya mtu mzima. Baadaye nikajikuta nazinduka usingizini na kunyoosha shuka yangu mwenyewe.

Nitawaambia jambo jingine ili msije mkamcheka mtu. Asubuhi moja Madam aliingia nikimpangusa Rima miguu. Nilipogusa nyayo, mguu ukaruka. Ukaruka tena. Madam akapiga kigelegele, akaanguka kusujudu pale pale kwenye zulia. Kabla ya adhuhuri kondoo alikuwa amechinjwa, majirani wamejaa, na Mutua, dereva wetu, Mkamba wa Machakos, anazunguka na sinia za nyama akiniambia, "Mama, God ni mkubwa, si nilikuambia?" Sista Awadhia alikuja jioni, akala nyama kwanza, maana alikuwa na akili, kisha akamwita Madam pembeni. Misuli iliyokosa amri ya ubongo, alimweleza, hujirukia yenyewe ikiguswa. Si kupona. Madam hakulia. Alirudi jikoni akaosha sahani zote yeye mwenyewe, na mimi akanifukuza.

Sasa nije kwenye mkaja.

Rima alipoanza kuketishwa alikuwa akizimia. Uso unapauka, midomo inageuka rangi, macho yanapinduka. Sista alisema tumfunge tumbo kwa mkanda mpana ili damu isituame chini, na ili pumzi na kikohozi chake vipate nguvu. Mkanda ulioletwa kutoka duka la dawa ulimkwaruza. Mimi nikasema, aa, kufunga tumbo ni kazi ya kwetu! Nani asiyejua mkaja? Nimezaa watoto wanne, na kila nilipojifungua nilifungwa mkaja na mama yangu mpaka nikasimama wima kama askari. Nikatoa leso yangu kwenye sanduku, nikamfunga barabara. Akaketi bila kuzimia. Alifurahi akaomba kioo.

Haukupita muda akashika kichwa. "Aisha, kichwa kinapasuka." Uso ulikuwa umemwiva, mwekundu, jasho limemtoka kwenye paji, vinyweleo vya mikono vimesimama. Bahati Sista alikuwako nyumbani. Alifungua leso, akaikung'uta, likaning'inia fundo la pembeni. Nyinyi mnajua wanawake wa kwetu tunavyofunga vitu pembeni mwa leso. Ndani mlikuwa na shilingi ya Kenya niliyopewa na mama siku ya safari, kwa kutabaruku, na mimi nilikuwa nimeisahau humo. Fundo lile lilikuwa limembana mbavuni, Rima hahisi lolote, lakini mwili wake ulikuwa ukipiga kelele. Habari ya maumivu ikakwama njiani, mishipa ya chini ikakaza kwa hofu, damu ikapanda kwa nguvu kichwani. Sista alisema hilo likiachwa huweza kupasua mshipa wa ubongo, mtu akafa ameketi.

"Mwili wake hausemi mbavu inauma," akasema. "Husema kichwa kinauma. Wewe itafute mbavu."

Kisha akanipa kanuni, nami nikaitengeneza kwa Kiswahili changu nisiisahau: akipauka mlaze, akiiva mketishe. Akipauka, damu imepungua kichwani, mlaze miguu iwe juu. Akiiva, damu imezidi, usimlaze hata kwa dawa. Mketishe wima, legeza kila kilichombana, na kwanza kabisa tazama kibofu. Nilimfundisha Rima kanuni ile tukicheka. Alikuwa ameokota Kiswahili changu kidogo, na alipenda kuitamka, "akipaka, akiva", kwa sauti ya mwalimu.

Basi mdogo wake, Hanaa, akaposwa. Mila yao ni kufanya kwanza sherehe ya kuandikiana ndoa nyumbani, wanawake kwao na wanaume kwao, na sherehe yenyewe ikapangwa Jeddah kwa bibi yao, nyumba ya zamani yenye ngazi nyingi upande wa Bani Malik. Rima naye alikuwa na mchumba kabla ya ajali. Watu wa mchumba walikuja hospitali mara moja, wakaleta chokoleti, hawakurudi tena. Sasa alitaka kitu kimoja. Dada mkubwa huketi karibu na bibi harusi na kuwapokea wageni. Rima alitaka kuketi pale, kwenye kochi kama watu wengine, kiti cha magurudumu kifichwe, pasiwe na hata mmoja wa kumwonea huruma. "Siku moja, Aisha," aliniambia. "Waniangalie uso peke yake."

Tulifanya mazoezi kama watu wanaokwenda vitani. Tulimwinua kidogo leo, kidogo zaidi kesho. Akipauka tulimlaza, tukaanza tena. Nyumba nzima ilijifunza kumlaza, hata kaka zake. Mkaja nilimfungia leso mpya isiyo na fundo. Matumbo tulikuwa tumeyazoesha saa zake, asubuhi baada ya kahawa, na nawaambia mkizembea saa hizo mtalipa kwa kufua. Mkojo ulikuwa ukitoka kwa mpira uliopitishwa kwenye kibofu mpaka kwenye mfuko mdogo niliomfunga pajani, chini ya nguo. Gauni lilikuwa la hariri nyepesi, rangi ya zabibu mbichi. Jeddah ilitupokea kwa joto la kunata, hewa kama ya hapa Likoni kabla ya mvua. Kaka zake walimbeba ngazi zote, wakamketisha kochini, wakatoka kabla ya wageni kuvua abaya.

Alipendeza, wanangu. Alipendeza kuliko bibi harusi, na Hanaa mwenyewe alimwambia hivyo.

Mimi nilikwenda jikoni kusaidia kahawa. Kumbe nyuma yangu Rima alitazama gauni lake akaona mfuko unavyoanza kujaa na kuvimba chini ya hariri, pale pale ambapo mama wa bwana harusi alikuwa akija kuketi. Alikuwa na mikono mizima. Akainua pindo, akaukunja ule mpira, akaubana kwa kibanio cha nywele. Mfuko haukujaa zaidi. Kisha wageni wakaanza kumkirimu, na mila ya pale huwezi kukataa: kahawa, chai, juisi, kahawa tena. Akanywa kila alichopewa na kucheka kila alipochekeshwa.

Niliporudi na dalla, birika lao la kahawa, karibu na magharibi, nilimwona ameshika paji la uso. Madam alikuwa ameshamwona. "Wamemtia jicho! Mlazeni!" Hanaa akamkamata mabega, na mimi, miguu yangu ikakimbia kabla ya akili, nikatia mikono chini ya magoti yake kumwinua. Ndivyo tulivyokuwa tumefanya majuma mengi.

Rima akanishika shingo. "Aisha. Nimeiva."

Nikamtazama. Uso mwekundu, jasho juu ya mdomo, vinyweleo vimesimama. Nikasema kwa nguvu, "Mafi, hakuna kulala! Aketi!" Nikalegeza mkaja. Hakupata nafuu. Nikashika pindo la gauni, na hapo akanikamata mkono kwa mikono yake yote miwili.

"La. Si hapa. Ngoja watoke."

"Nini umefanya, Rima?"

"Dakika moja tu, Aisha. Wallahi moja."

Ukumbi ulijaa wanawake waliovaa nguo za sherehe, nywele wazi. Kaka zake wasingeweza kuingia kumbeba mpaka kila mmoja ajisitiri, na abaya zimerundikwa chumba cha pili. Macho yake yalikuwa yameanza kuzunguka. Nilibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikainua hariri ile mbele ya watu, nikaona kibanio. Nilipokifungua mkojo ulishuka kwa kasi, mpira ukachomoka kwenye mdomo wa mfuko, mkojo ukamwagika juu ya gauni, juu ya kochi, ukatiririka kwenye zulia.

Bibi yao alikuwa wa kwanza kuinuka. Alivuta shela yake akaitanda mbele yetu kama pazia, na wanawake wengine wakasimama upande wake, wametupa mgongo. Nawashukuru mpaka leo. Lakini mama wa bwana harusi alikuwa amebaki upande wetu wa pazia, hana pa kwenda, na akainua miguu yake juu ya kochi isilowe. Hakusema neno baya. Aliinua miguu tu. Rima alimwona.

Rangi ilirudi taratibu, kichwa kikatulia, akaishi. Nataka mlishike hilo: nilifanya inavyopasa, na kesho ikitokea mfanye vivyo hivyo, mbele ya sultani au mbele ya mama mkwe. Lakini msidhani kwamba ukifanya inavyopasa utalala usingizi.

Njia yote ya kurudi Riyadh alifunika uso kwa mtandio. Mutua alikuwa akinitazama kwenye kioo cha gari, akashindwa kunyamaza. "Mama, si umemsaidia? Mbona ni kama matanga?" Nikamwambia aangalie barabara.

Hakukubali tena kuketi. Mkaja akaukataa. Alitaka kulala chali tu, shuka hadi kidevuni, na nilipomgeuza alishika chuma cha kitanda kwa mikono ile yenye nguvu akajirudisha. "Halas, basi, Aisha. Niache." Nilibembeleza, nikanuna, nikamtukana kwa Kiswahili, nikalia. Nilimgeuza akisinzia, akiamka anajirudisha. Hakuumwa, na hilo ndilo lililokuwa baya: hakuna maumivu ya kumlazimisha. Kidonda kilianza mwishoni mwa mgongo kama doa jekundu, kikawa shimo la kuingia kidole, kikafika mfupani. Sista Awadhia alikuwa akikisafisha kimya kimya, na mtu akimwona Sista Awadhia kimya ajue mambo yameharibika. Homa ikaja ikakaa.

Siku za mwisho hospitalini aliniuliza, "Yule mama aliinua miguu, sivyo?"

Nikasema, "Alikuwa akitafuta viatu vyake, aje kusaidia."

Alinitazama sana. "Wewe hujui kusema uongo, Aisha," akasema, akaniomba nimkune kichwa, mahali alipohisi. Nikamkuna mpaka akalala.

Rima alipofariki, Madam alinijia koridoni, amezeeka ghafla. "Ingia nawe kumwosha," akaniambia. "Wewe ndiye unayemjua." Mle chumbani mwosha alikuwa mama wa makamo, mpole, ameshatia maji kwenye ndoo. Nikakunja mkono wa nguo, nikatia kiwiko. Yalikuwa ya moto kidogo, nikaongeza ya baridi. Mwosha akanitazama kwa huruma.

"Halas, ya Aisha. Hahisi tena."

Nikamwambia tangu nimjue hakuwa akihisi.

Tulimwosha, tukamkausha, tukamweka juu ya sanda. Mwosha aliposhika pembe ili akunje, nilimwomba asubiri. Nilipitisha kiganja chini ya mabega, chini ya kiuno, chini ya visigino. Kulikuwa na mkunjo mmoja, pale penye kidonda. Nikaunyoosha, ndipo nikamwambia afunge.